Joto na Mbegu za Malisho: Mazungumzo kwa Wafugaji wa Upare

Leo nazungumza hasa na wafugaji wa Same na wa milima ya Upare, wale wa juu na wale wa tambarare, juu ya jambo moja: kwa nini mbegu za malisho ya jamii ya kunde huota vema mahali pengine, na mahali pengine hukaa ardhini kama changarawe, au huoza, au huchipua na kufa papo hapo. Mtu akiulizwa, hutaja mvua. Wala hakosei, maana pasipo maji hakuna mbegu iotayo. Lakini leo nataka tulitazame joto, ambalo wengi hawalihesabu kabisa. Walio katika vikundi vya kusikiliza wawe na kalamu karibu, kwa kuwa zipo hesabu chache za kuandika.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili lina uzito. Nyasi za kiangazi zikisha kukauka mara nyingi hazifikishi sehemu 7 za protini katika sehemu 100. Zikishuka chini ya hapo, tumbo la ng'ombe hufanya kazi polepole, naye hula kidogo hata kama hori limejaa. Ndiyo maana unaweza kuona ng'ombe amesimama mbele ya mabua na huku amekonda. Majani ya lusina hupita sehemu 20 katika 100, na ya fiwi na desmodiamu nayo yako juu sana kuliko nyasi kavu. Mnakumbuka ukame wa mwisho wa mwaka 2021 na mwanzo wa 2022, jinsi jirani zetu wa Simanjiro walivyohesabu mizoga kwa maelfu. Sisemi kwamba kijishamba cha fiwi kingaliokoa makundi yale. Nasema kwamba mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa zizini, ambaye ada ya shule ya watoto inatoka katika kiwele cha ng'ombe yule, anaweza kuokolewa na robo eka ya mikunde, mradi iote.

Basi tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja huko juu Vudee, na shemeji yake anakaa chini Makanya. Wamechangiana fedha wakanunua mbegu katika duka moja, siku moja: mbegu za fiwi, ambazo wengine huziita ngwara, na mbegu za mti wa lusina. Wakagawana sawasawa.

Mama wa Vudee alikuwa na shughuli za mahindi wakati wa masika, akaziweka mbegu zake hadi mwezi wa Juni. Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu zamu yake ya maji ya ndiva ilikuwa bado ipo. Akapanda, akamwagilia. Baada ya wiki mbili akafukua: fiwi zimevimba, nyingine zimeoza na kutoa ukungu. Lusina ziko vilevile, zinang'aa, ngumu kama siku alipozinunua.

Shemeji yake wa Makanya yeye alifanya haraka. Mwezi wa Februari ilinyesha mvua moja kubwa, naye akapanda siku ya pili. Fiwi ziliota baada ya siku chache, nzuri mno, hata majirani wakaja kutazama. Kisha jua likawaka siku kumi na nne bila tone la mvua. Miche ikaungua. Lusina nyingi hazikuonekana kabisa wakati ule, lakini mwezi wa Aprili, alipokwisha kukata tamaa, zikaanza kutokea moja moja.

Walipokutana sokoni wote wawili walisema neno moja, kwamba mwenye duka aliwauzia mbegu mbovu. Nawaombeni tusimhukumu mwenye duka mpaka tumalize somo.

Joto lina kazi mbili kwa mbegu hizi, na kazi hizo hazifanani. Kazi ya kwanza ni kuifungulia mbegu mlango. Ya pili ni kuiendesha ikishaingia maji. Nitaanza na hiyo ya pili kwa kuwa ni nyepesi kueleweka.

Mbegu ikisha kunywa maji, chakula kilichomo ndani yake hubadilika na kuanza kuulisha mzizi mdogo. Kazi hii huenda upesi au polepole kwa kadiri ya joto la udongo. Kila aina ya mmea ina sakafu yake, yaani kiasi cha joto ambacho chini yake hauendi mbele hata kidogo. Mikunde ya nchi za joto, kama fiwi, kunde na lusina, sakafu yake iko karibu na digrii 10 za Sentigredi, nyingine juu kidogo ya hapo. Hupenda zaidi udongo wa digrii 25 hadi 35. Lusani, ambayo wengine huita alfalfa, asili yake ni nchi zenye majira ya baridi. Hiyo huota hata katika digrii 5, na hupendezwa na digrii 20 hivi, lakini udongo ukipita digrii 35 nyingi hukataa.

Sasa andikeni hesabu hii. Chukua joto la udongo, toa sakafu, kinachobaki ndiyo kazi ya siku moja. Tuseme udongo wa Makanya ni digrii 28. Toa 10, inabaki 18. Tuseme udongo wa Vudee mwezi wa Juni ni digrii 16. Toa 10, inabaki 6. Basi mbegu ya Makanya inafanya kazi mara tatu ya ile ya Vudee. Ikiwa ya chini inachipua siku ya nne, ya juu itangoja siku ya kumi na mbili. Na katika siku hizo kumi na mbili haikai bure: imekwisha vimba, ganda limelainika, sukari inavuja, na kuvu wa ardhini wanaopenda ubaridi na umaji wameisikia harufu. Ndiyo iliyoziua fiwi za mama yule.

Hapa pana neno kwa watu wa ndiva. Wapare wa zamani walikuwa na akili kubwa kujenga mabwawa yale, yanayojaa usiku na kufunguliwa mchana, na mpaka leo ndiva kama ile ya Manoo huko Bangalala inalisha mashamba. Lakini ndiva hutoa maji, haitoi joto. Tena maji yaliyolala usiku kucha mlimani ni baridi, na kila unapoyamwaga unaupoza udongo. Mwenye ndiva anaweza kudhani kwamba miezi yote ni sawa kwake. Kwa mahindi na maharage amekwisha kujua kwamba si hivyo. Kwa mbegu za malisho bado hatujazoea kufikiri hivyo, kwa sababu tulizoea majani yajiotee yenyewe.

Watu wa milimani wanajua pia kwamba ubaridi huongezeka kwa kupanda. Kwa wastani, kila mita 100 unazopanda joto hupungua kwa digrii 0.6 hivi. Mji wa Same uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Shengena kinakaribia mita 2,460. Ni kusema kwamba katika wilaya moja mna tofauti ya digrii 9 au 10. Huwezi kuandika kalenda moja ya kupanda kwa wilaya ya namna hiyo, na mtu akikupa karatasi yenye tarehe moja kwa watu wote wa Same, itie mfukoni kwanza, umuulize ameiandika akiwa wapi.

Joto linaweza kuzidi vilevile. Udongo mtupu wa tambarare, saa saba ya mchana, mwezi wa Februari, unaweza kupita digrii 50 pale juu kabisa. Katika digrii 40 mikunde mingi hata ya nchi za joto husimama. Fiwi ni mbegu kubwa, inaweza kupandwa sentimita 3 hadi 5 chini, ambako hali si mbaya hivyo. Lakini mche ukitokeza, shina lake laini linagusa ule udongo unaochoma, likaungua palepale shingoni. Mbegu ndogo kama za desmodiamu hazina hata nafasi ya kujificha, kwa kuwa hazifai kupandwa chini kuliko sentimita 1. Dawa yake ni kivuli: tandaza nyasi kavu, tandaza mabua, au panda katikati ya mahindi. Tandazo jembamba tu hushusha joto la mchana na kuhifadhi unyevu.

Sasa tuje kwenye kazi ya kwanza, ile ya kufungua mlango. Hapa ndipo lusina zilipowashinda wote wawili.

Mbegu nyingi za malisho ya jamii ya kunde zina ganda lisilopitisha maji. Ndani ya ganda hilo mna seli zilizosimama wima, zimebanana kama boma la miti lisilo na ufa. Mbegu ni hai kabisa, ila imefungwa. Unaweza kuiloweka mwezi mzima isinywe tone. Fiwi haina tabia hii kwa kiasi cha kutusumbua. Lusina, siratro, stailo na desmodiamu wanayo. Mwaka 1954 mtaalamu mmoja wa New Zealand, E. O. C. Hyde, alieleza jinsi mbegu za namna hii zinavyojifunga. Lile kovu dogo, mahali mbegu iliposhikana na ganda la tunda, hufanya kazi kama kilango cha upande mmoja: hewa ikiwa kavu hufunguka, unyevu ukatoka, hewa ikiwa na maji hujifunga, unyevu usiingie. Basi kadiri mbegu inavyokaushwa katika hewa kavu, ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Msishangae kwamba mbegu iliyovunwa na kuanikwa tambarare ya Same inaweza kuwa sugu kuliko ile iliyokauka kwa shida katika ukungu wa mlimani.

Mlango huo unafunguliwa na nini porini, ambako hakuna mtu wa kuuchonga? Mwaka 1961 B. J. Quinlivan, aliyekuwa akifanya kazi Australia ya Magharibi, alitangaza matokeo ya majaribio yake. Aliona kwamba joto kali la mfululizo halifungui mbegu ngumu vizuri kama joto linalopanda na kushuka, mchana kali, usiku baridi, siku baada ya siku. Ganda linatanuka na kusinyaa mpaka pale penye udhaifu panaachia. Sasa fikirini wenyewe tambarare ya Makanya na Hedaru kuanzia Januari hadi Machi. Ardhi tupu, jua kali, usiku kuna nafuu. Ndilo jaribio lenyewe, na jua linalifanya bila malipo. Kwa hiyo lusina za shemeji ziliota Aprili: zilikuwa zikifunguliwa, chache leo, chache wiki ijayo.

Kule Vudee, chini ya migomba, udongo hauchomi mchana wala haupoi sana usiku. Joto halichezi. Mbegu ngumu inaweza kukaa humo miaka bila kufunguka. Mtu wa juu basi hana budi kuufungua mlango kwa mkono wake.

Namna yenyewe ni maji ya moto. Kwa lusina, kipimo kinachotumika sana ni maji ya digrii 80 kwa dakika 3, kisha kuzipoza mara moja kwa maji baridi. Wengi wetu hatuna kipimajoto jikoni, lakini tuna vikombe. Ila lipo jambo ambalo kijikaratasi cha maelezo mara nyingi hakisemi: maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Pwani yanachemka kwa digrii 100. Same mjini ni kama 97. Ukiwa mita 1,500 mlimani, yanatokota kwa digrii 95 tu. Kwa hiyo mtu wa tambarare achanganye vikombe 3 vya maji yanayotokota na kikombe 1 cha maji ya mtungi. Atakuwa karibu na digrii 80. Mtu wa mlimani, ambaye maji yake ya kuchemka ni dhaifu na ya mtungi ni baridi zaidi, achanganye vikombe 4 kwa 1. Sufuria liwe limekwisha pata moto, lisije likanyonya joto. Na maji yawe mengi, mara kumi ya mbegu kwa kipimo cha kikombe, maana mbegu nazo huyapoza. Hesabu dakika 3, mwaga, tia maji baridi, ziache zilale humo usiku mmoja. Asubuhi zilizofunguka zitakuwa zimevimba karibu mara mbili. Zilizobaki ndogo, zirudie.

Usizichemshe mekoni. Nimeona watu wakizitia mbegu katika sufuria lililo juu ya moto, kisha wakaenda kuchota kuni. Hiyo si kufungua mlango, ni kupika. Fiwi wala usizitie katika maji ya moto hata kidogo. Mbegu za desmodiamu ni ndogo mno, kwa maji ya moto mkono huteleza upesi kutoka kufungua hadi kuua. Ni afadhali kuzisugua kwa msasa laini, au kwa mchanga mkavu kati ya vipande viwili vya gunia, mpaka mng'ao wa ganda ufifie. Na kama umepewa dawa ya vile vijidudu vya mizizi vinavyoleta naitrojeni, ipake baada ya mbegu kupoa, ukiwa kivulini, saa ile ile ya kupanda. Vijidudu hivyo ni viumbe, joto la kupita digrii 40 huwaua upesi.

Mtu wa tambarare ataniuliza: nami nizifungue zote? Mawazo yangu ni kwamba asifanye hivyo. Ugumu wa mbegu ni akiba. Mnajua mvua za kwetu chini, inanyesha moja ya kudanganya kisha mbingu inafunga. Kama mbegu zote ziko wazi, zote zitaitikia udanganyifu ule na zote zitakufa, kama zilivyokufa fiwi za Makanya. Afungue nusu, nusu azipande kama zilivyo. Wataalamu wengine watasema hiyo ni kupoteza mbegu. Lakini wao hawapandi kwa mvua ya Makanya.

Na kalenda je? Juu milimani, panda mikunde ya joto mara masika yanapoanza, Machi, kabla baridi ya Juni haijaingia. Au mwanzo wa vuli, Oktoba hadi Novemba, siku zinapopata joto. Mwenye maji ya ndiva mwezi wa Juni na Julai, na ana hamu ya kupanda, ajaribu lusani, ambayo haiogopi baridi ile. Ila lusani inachukia udongo mchachu, na udongo wa milimani wenye mvua nyingi huwa hivyo mara kwa mara. Amuulize kwanza afisa mifugo au bwana shamba wa kata. Chini tambarare, usipande kwa mvua moja. Ngoja ya pili, udongo uwe umepoa na umelowa kwenda chini.

Sasa turudi kwa mwenye duka. Yawezekana mbegu zake zilikuwa mbovu kweli. Joto la dukani chini ya bati, likichanganyika na unyevu, huua mbegu taratibu. Tazameni mfuko kama una lebo ya TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na tarehe yake. Zipo pia mbegu za malisho za serikali, kama zile za shamba la Vikuge huko Kibaha, na vituo vya utafiti vya TALIRI hutoa ushauri. Lakini njia ya kujua haki iko wapi ni kupima mwenyewe kabla ya kulima.

Hesabu mbegu 100. Zifunge katika kitambaa kilicholowa, weka katika sahani, funika. Walio milimani waweke jikoni, mbali kidogo na mafiga, mahali paka anapopenda kulala. Ukiziweka chumbani zitakuambia uongo kwa sababu ya baridi. Walio tambarare waweke kivulini ubavuni mwa mtungi. Kitambaa kisikauke. Siku ya kumi fungua, utenge mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zilizochipua. La pili ni zilizovimba, ukizibinya zinatoka uji: hizo zimekufa, na likiwa kubwa unayo haki ya kurudi dukani na sahani yako mkononi. La tatu ni zilizobaki ndogo na ngumu. Hizo zi hai, zimefungwa, na kosa si la mwenye duka. Katika fungu la tatu ndimo zilimokuwa lusina za mama wa Vudee, naye alikuwa amekwisha kuzitupa jalalani.

Kazi ya vikundi kwa wiki hii ni hiyo. Kila kikundi kipime mbegu 100 za lusina zisizotiwa maji ya moto, na 100 zilizotiwa, kiandike mafungu matatu kwa kila sahani, pamoja na jina la kijiji na mahali sahani zilipowekwa. Vikundi vya Vudee, Mbaga na Chome vipeleke hesabu zao kwa vikundi vya Makanya na Hedaru, na hawa wawaletee zao, mzilinganishe. Mwenye lusina iliyokwisha kuota akumbuke kutowapa mifugo peke yake. Isizidi theluthi ya malisho ya siku, maana ina kitu cha kunyonyoa manyoya.

Kwa leo naishia hapo. Somo lijalo litakuwa juu ya kukata majani hayo na kuyakausha kivulini yasipoteze nguvu. Kwaherini.